Profesa wa Kutunga

Akiwa kwenye foleni ya kahawa mjini Bergen, Torgeir Lindås aliwasikia madaktari wawili wakilalamika kwamba lazima wahudhurie mafunzo ili wasipoteze ubingwa wao, na muda hawana. Torgeir, ambaye hadi juzi alikuwa akiwauzia wazee vidude vya kufukuza unyevunyevu katika mji usiojua siku bila mvua, alisisimka. Watu walio tayari kulipia somo wasilotaka kulisikia! Wateja wa namna hiyo hata peponi hawapatikani.

Wiki mbili baadaye tangazo likatoka: kongamano la siku moja kuhusu utafiti mpya wa uzazi wa mpango na magonjwa ya kuambukiza. Mada aliiokota kwenye jarida moja kuukuu. Yeye mwenyewe aliamini kitanzi ni cha kunasia sungura. Ili tangazo lipate uzito, alimtunga msemaji mkuu, Profesa Ragnfrid Aamodt wa Tromsø, na kwa ukarimu wake akamtunukia vitabu vinne na tuzo mbili. Asubuhi angetangaza kwamba ndege ya profesa imezuiwa na theluji, agawe vyeti na maandazi ya mdalasini, kila mtu aende zake.

Madaktari sitini walifika, wengine wamekwisha kuvaa viatu vya kupandia milima, tayari kwa matembezi ya mchana. Torgeir akapanda jukwaani, akakunja uso wa msiba, akaanza habari ya theluji. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama wa makamo, koti likichuruzika maji, akaenda moja kwa moja mbele.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Mimi ni Ragnfrid Aamodt."

"Mtu huyo hayupo," Torgeir alimnong'oneza. "Nilimtunga mimi."

"Basi waambie," akajibu mama, akiwatabasamia wasikilizaji.

Hakuwaambia.

Mama alizungumza saa nzima. Alieleza kwa nini kitanzi huzuia mimba lakini hakizuii maambukizi, jinsi dawa moja ya kifua kikuu inavyodhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, na tafiti zipi ni changa mno kuaminiwa. Wenye viatu vya milima wakaanza kuandika. Katika ukumbi ule wa mabingwa sitini, aliyekuwa amekaa chini akazisoma tafiti zenyewe alikuwa huyu tapeli wa pili peke yake.

Mwishoni alimshukuru Torgeir. Akasema muungwana huyu amemwahidi kwamba ada zote za siku hiyo zitakwenda kwenye mfuko wa zahanati za vijana, ambao yeye profesa ndiye mlezi wake, ila haya zinamzuia kujitangaza. Ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Namba ya akaunti ikatokea ukutani. Torgeir akatoa simu na kuzituma ada zote mbele ya mashahidi sitini, huku akifuta machozi. Walidhani ni huruma.

Alimbebea mkoba hadi kwenye teksi, akamuuliza yeye ni nani hasa.

"Mwaka jana nilikuwa mhandisi wa madaraja," akasema mama. "Lakini kazi hii imenichosha. Tangu nilipoona tangazo lako, wiki nzima nimeshinda maktaba."

"Tugawane basi, dada yangu. Nusu kwa nusu."

Mama akamtazama kwa mshtuko wa kweli. "Fedha za vijana?"

Mlango wa teksi ukafungwa. Kutoka madirishani madaktari walikuwa wakimpungia profesa mikono, na Torgeir, kwa kuwa walikuwa wanatazama, naye akapunga.