Sitoki Kwenye Laki Mbili na Nusu

Jumanne, 4 Machi

Nimeula! Barua imefika. Kampuni ya matangi ya maji inanitaka kwa mafunzo ya kazi, idara ya fedha, miezi sita. Miaka miwili tangu nihitimu, miaka miwili ya kulala kwenye kochi la Dada, miguu ikining'inia. Nilirukaruka sebuleni hadi picha ya harusi yake ikaanguka.

Kisha nikaona posho. Elfu themanini. Furaha ikanikauka mdomoni. Elfu themanini! Mtu mwenye shahada ya fedha!

Dada ni muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu baada ya zamu. Akasema nimshukuru Mungu na nisaini. Akauliza kama nimeisoma yote. Nikamwambia namba ndiyo fani yangu. Shemeji, mume wake, fundi wa friji, akasema hata ingekuwa elfu nane niende tu, mradi mchana kochi lipumzike. Hawajui biashara hawa. Nitapatana.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima ya mkakati. Nilijifungia bafuni kufanya mazoezi mbele ya kioo: uso wa mtu asiye na shida. Si rahisi. Uso wangu una shida. Shemeji akagonga mara tatu, akauliza kama naumwa tumbo.

Uamuzi: laki mbili na nusu kwa mwezi, sishuki hata senti. Pia nitasema kuna kampuni nyingine inanitaka. Ipi? Itajulikana hukohuko.

Jioni nikakutana dukani na Kalkuleta. Tulisoma darasa moja. Jina hilo tulimpa kwa sababu alikuwa akijibu kabla mhadhiri hajamaliza swali. Naye kapata barua kama yangu! Keshasaini na kuirudisha. Nikamuuliza kama hakubishana hata kidogo. Akasema abishane nini, ni pesa nzuri kwa mtu anayejifunza kazi. Nilimwonea huruma. Akili zote zile, na hajui thamani yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda!!! Niandike taratibu.

Anayeshughulikia ajira pale kampuni ni Mama Utumishi. Miwani yenye mkufu, sauti ya upole inayotisha. Nikamwamkia, nikakaa, nikakunja nne. Nikasema posho ile, kwa heshima zote, hainitoshi. Tena kuna kampuni nyingine inanihitaji. Akauliza ipi. Macho yangu yakatua kwenye kopo la rangi karibu na mlango. Nikasema ya rangi. Akatikisa kichwa taratibu, akauliza basi nataka ngapi.

"Laki mbili na nusu."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi, mama. Na sitoki hapo."

Akavua miwani. Akaanza kuniuliza kama nina uhakika, maana ile barua... Nikamkatiza! Nikainua kiganja kama askari wa barabarani, nikasema hesabu zangu nimeshazipiga. Akasema haya mwanangu, nirudi kesho nisaini barua mpya. Hakubishana hata dakika moja. Nilimlegeza kabisa.

Nyumbani nimetangaza. Dada akafuta machozi kwa pindo la kanga. Nikamwahidi umeme na maji ni juu yangu. Shemeji akanipa mkono, mara ya kwanza mwaka huu.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Nilifika mapema. Kalkuleta alikuwa mapokezi, kafuata kitambulisho chake. Nikashindwa kujizuia, nikamnong'oneza kwamba wengine tutalipwa laki mbili na nusu kwa mwezi. Akashangaa. Akauliza mbona mimi nimepunguziwa.

Nimepunguziwa? Akasema yeye ni elfu themanini kwa wiki. Wiki nne, laki tatu na ishirini. Nikachomoa barua mfukoni. Elfu themanini, halafu mstari unaofuata, wazi kabisa: kwa wiki. Nilijishusha mwenyewe, kwa kinywa changu, tena kwa madaha!

Nikiri? Hapana. Nikaingia kwa Mama Utumishi na mpango mpya. Nikasema nimetafakari sana, nimeguswa na ukarimu wa kampuni, hivyo kwa moyo wa kujitolea niko tayari kurudi kwenye barua ya zamani, japo naumia. Mama Utumishi akafunika mdomo kwa faili. Mabega yakamtikisika. Akamwita Mhasibu Mkuu.

Mzee mfupi, kalamu tatu mfukoni. Kumbe alishasimuliwa tangu jana. Akaniambia niisome ile barua yangu kwa sauti. Nilipofika kwenye "kwa wiki" sauti ikakatika. Akauliza kwa nini nilitaka nyongeza. Nilikusudia kutaja kampuni ya rangi. Badala yake ukweli ukanitoka: kwamba Dada amenilisha miaka miwili, hajanisimanga hata siku moja, na mwisho wa mwezi nilitaka nimtie kitu mkononi, kitu cha maana.

Mama Utumishi akaacha kucheka.

Mhasibu Mkuu akaichukua barua mpya mezani, akaichana mara mbili, akaitupa kapuni.

"Utalipwa sawa na mwenzako. Ila mwanangu, hapa kwetu tunasoma na maneno, siyo namba peke yake."

Nilimshika mkono kwa mikono miwili. Macho yaliingiwa na vumbi kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza kazini. Nimepewa meza, stepla, na rundo la stakabadhi za kupanga. Kalkuleta kawekwa karibu na feni. Hilo nitalishughulikia.

Nimetulia, nimeyafikiria yaliyotokea, na ukweli ni huu: nilidai laki mbili na nusu, nikatoka na laki tatu na ishirini. Nani mwingine katika ukoo wetu amewahi kupewa zaidi ya alichoomba? Siri nimeshaijua. Omba kidogo, kwa msimamo, halafu waache wakuonee huruma.

Kwa hiyo nimemwandikia Mhasibu Mkuu. Naomba nipunguziwe posho hadi laki moja kwa mwezi, na sitoki hapo. Kwa hesabu zangu watanipa nusu milioni. Kalkuleta kachungulia, kasema nisithubutu kuipeleka.

Wivu! Nimeshaipeleka.