Melkizedek na Mtamba wa Valeriani

Melkizedek alikuwa anakunywa chai ya kununuliwa na mtu mwingine, karibu na stendi ya Karatu, aliposikia neno "chuo" meza ya pili. Akaacha kutafuna. Masikio ya mtu huyu, ndugu zangu, yalisoma kuliko kichwa chake. Alikulia Moshi mjini, akahamia Arusha, Arusha ikamchoka, na mwaka huo wa 2003 alikuwa Karatu akijiita mshauri wa elimu na utalii. Wiki iliyotangulia alikuwa mshauri wa mbolea.

Meza ya pili alikaa mzee Valeriani, mkulima wa huko juu karibu na msitu, pamoja na mkewe Marsela na binti yao Selina. Binti alikuwa amefanya mtihani wa kuingia chuo cha waongoza watalii, akaanguka kwa alama kiduchu. Chuo kiliruhusu kurudia mara moja tu, na kujiandikisha kulikuwa kunafungwa Ijumaa.

"Arudie," alisema Marsela.

"Na akianguka tena? Tutaficha wapi nyuso zetu?" alijibu Valeriani.

 Selina alikitaka chuo kile kuliko kitu chochote duniani, na aliogopa kuanguka mara ya pili kiasi kwamba aliikatakata chapati yake bila kuila.

Melkizedek akahamia kwao na kikombe chake. "Shikamoo mzee wangu, shikamoo mama. Mnisamehe, nimesikia bila kusikiliza. Binti mwenye akili hivi arudie mtihani wa nini? Pale chuoni mimi ni mtu wa ndani."

"Ndani wapi?" aliuliza Selina.

"Ndani kabisa, dada. Mlango wa mbele ni wa wasio na watu. Wa nyuma, funguo ninazo mimi."

"Na hao wenye mlango wanataka nini?" aliuliza Valeriani.

"Hela hawapokei, mzee, hela ni rushwa! Wao wanapenda zawadi ya heshima tu. Hivi nyie huko juu mnafuga?"

Kesho yake asubuhi alikuwa kwao, viatu vimejaa vumbi jekundu, akizunguka zizi kama mkaguzi wa serikali. Zizini alisimama mtamba mwekundu wa kisasa, mwenye mimba, ananawiri. Melkizedek, aliyewajua ng'ombe kwa upande wa supu tu, alimpenda palepale.

"Huyu atatosha," alisema kwa upole, kama anayewaonea huruma.

Sasa mtamba yule alikuwa balaa. Alikula kuliko wageni wa harusi. Mgongo wa Valeriani ulikuwa mbovu, kwa hiyo majani, mabua na maji vilimwangukia Selina tangu alfajiri hadi giza. Kiangazi cha mwaka jana alisoma na mzigo kichwani, ndiyo maana akaanguka. Kwa Wairaqw, watu wa kina Valeriani, si ajabu ng'ombe wa mtu kulala zizi la mwingine: mtunzaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, mwenye mali anabaki na ng'ombe wake na ndama. Valeriani alishawabembeleza majirani wote wamchukue. Mla sana yule, kiangazi hiki? Walicheka hadi wakakaa chini.

Selina alimtazama Melkizedek, akamtazama mtamba. Kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu.

"Baba, mwite mzee Tluway awe shahidi," alisema. Tluway, jirani yao mkubwa kwa umri, alipofika, Selina akaeleza taratibu. "Kaka Melki anamchukua mtamba kumtunza. Maziwa na samadi ni vyake. Barua ya chuo ikifika, asimame mbele ya wazee aeleze alivyoniingiza. Akishaeleza, ng'ombe na ndama ni mali yake. Umekubali, kaka?"

"Nimekubali kwa mikono miwili!" Angeambiwa amwogeshe kwa manukato angekubali pia, kwa sababu mnada wa ng'ombe ulikuwa wiki ileile.

Mtamba alipotokomea mteremkoni, Selina alimgeukia mama yake. "Mama, kesho naenda kujiandikisha. Narudia. Nikiwa na asubuhi zangu mwenyewe, siogopi."

Mnadani Melkizedek alifika kifua mbele. Mnunuzi wa kwanza alishika sikio la mtamba, akaona alama. "Si wa Valeriani huyu? Tumesikia anakaa kwako. Mbona umemkondesha?" Wa pili naye akauliza kama amekunywa maji. Wa tatu alikuwa Lengai, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Endulen.

"Rafiki, ng'ombe wa kutunza hauzwi. Hata sisi Wamasai hatununui."

"Je, akifa?"

"Unapeleka ngozi kwa mwenyewe, unaeleza."

"Na akipotea?"

Lengai alimkagua toka kichwani hadi viatuni. "Kwani wewe unataka kupotea?"

Dereva wa lori naye alidai kibali chenye sahihi ya Valeriani. Basi tapeli wetu akarudi na mtamba wake. Siku moja alimfungua makusudi akakimbilia stendi, lakini kabla basi halijajaa kina mama wawili walimfikia wakimvuta mnyama kwa kamba. "Kaka, umemsahau mwenzio!"

Jamani, tumwonee huruma. Kiangazi kizima Melkizedek alikata majani, akabeba mabua, akagombana na mwenye nyumba kwa ajili ya mbolea mlangoni. Mtamba alipozaa, alilia machozi, akasingizia vumbi. Ila mdomo haukupumzika. Kila aliyenunua maziwa yake aliambiwa kwamba binti wa Valeriani anaingia chuo kwa funguo za Melkizedek.

Mvua zilipoanza, barua ikaja. Selina alikuwa amefaulu, tena vizuri. Alikimbia nayo hadi bombani kuwaonyesha wenzake, na huko akamsikia mmoja akisema, "Hata mimi ningekuwa na ng'ombe ningefaulu." Selina alirudi nyumbani analia kwa hasira.

Melkizedek naye alifika mbiombio, ng'ombe na ndama nyuma yake. "Barua si imekuja? Wazee, nikabidhini mali yangu."

Wazee walikaa, na kijiji kikaja kusikiliza.

"Eleza," alisema Tluway. "Ulimwona mkubwa gani? Ukampa nini? Tena tumemwita mgambo, anapenda sana habari za mitihani ya wizi."

Melkizedek alimtazama mgambo. Akamtazama ng'ombe. Akamtazama mgambo tena. Ng'ombe alimlamba mkono, akazidi kumvuruga.

"Sikumwona mtu," alinong'ona.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Rudia, kaka Melki," alisema Selina. "Kurudia si aibu."

"Sikufanya lolote!" alipaza sauti. "Chuo chenyewe sikijui kiko mtaa gani! Binti amefaulu mwenyewe, kwa kichwa chake!"

Vigelegele vilipasuka, na yule mwenzake wa bombani akainamisha uso. Selina alisikia raha hadi akatamani mtu amwambie arudie tena.

Melkizedek aliikabidhi kamba kwa Valeriani, akajipangusa suruali, akaanza kuteremka akiwaza mji mwingine wenye watu wajinga zaidi. Hajafika mbali akasikia hatua nyuma yake. Wazee watatu walikuwa wanamfuata, kila mmoja na ng'ombe wake, na wa mbele alikuwa ameshavua kofia kwa heshima.

"Mwanangu, yule mtamba umemrudisha ananawiri, na ukweli umeusema mbele za watu. Mtu kama wewe hatujampata siku nyingi. Chukua na hawa."

Wanaosimulia wanasema hakuna aliyewahi kumwona Melkizedek akikimbia namna ile, hata siku alizofukuzwa na polisi.