Hotuba ya Kuzindua Ofisi ya Rufaa za Kodi ya Nyumba, Ghorofa ya Kwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Katibu wa Makamu wake, wakuu wa idara mliofika, na ninyi mliotundika makoti kwenye viti ili tujue mpo kazini, mabibi na mabwana, walipa kodi na mnaojificha, itifaki imezingatiwa! (Makofi. Aliyeanza ni dereva wa mzungumzaji mwenyewe. Ndivyo alivyosema Mkurugenzi wa Kodi za Nyumba, sipunguzi kitu, labda niongeze chumvi kidogo, maana tulisimamishwa juani mpaka miguu ikafa ganzi.)

Leo ni siku ya kihistoria, na historia yenyewe ni mimi. Kupitia sistimu ya kisasa, ya kidijitali, shirikishi na endelevu, tumethamini nyumba za mji huu kwa asilimia mia moja na kumi, zikiwemo ambazo wenyewe hamjazijenga, na maafisa wangu wameifanya kazi hiyo kwa weledi mkubwa bila hata kushuka kwenye gari! (Vicheko. Wote wakanigeukia mimi. Marehemu mume wangu alijenga ngazi ya nje, ya kupandia ghorofani, akasema pesa zikija tutamalizia huko juu. Alikuwa mtu wa kutanguliza yule, hata kitanda cha mtoto alinunua kabla hajanioa. Basi akafa, ngazi ikabaki, mimi natundika hapo nguo za wateja, maana mimi ni mshonaji. Afisa akaiona ngazi toka barabarani, akaandika: ghorofa. Sasa natozwa kodi ya ghorofa, na rufaa yangu isiposikilizwa mwezi huu, nyumba inapigwa mnada.)

Yupo bibi mmoja, simtaji, yule pale mwenye kitambaa cha kijani kichwani, (mimi huyo) analalamika eti hana ghorofa. Mama yangu mpendwa, ngazi ni ushahidi! Mtu mwenye akili timamu anajenga ngazi ya kwenda wapi? (Jirani yangu muuza mkaa akapaza sauti: "Njoo upande ukaone, mzee! Ila uje na parachuti!" Askari akamtolea macho.)

Hata hivyo, ofisi yangu ni sikivu. Kwa unyenyekevu ambao hakuna anayenifikia, nazindua projekti hii ya Ofisi ya Rufaa, ghorofa ya kwanza ya jengo hili hili, yenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka, ambako kila rufaa itamalizika kabla mlalamikaji hajakaa! (Makofi. Akakata utepe pale chini ya ngazi ya jengo lao. Mimi nikasema, sasa nangoja nini? Nikashika gauni, nikapanda, na goti langu la kushoto mnalijua lilivyo na kiburi. Kufika juu: upepo, nondo, na kunguru wawili wananiangalia. Nikaita: "Baba, mbona huku hakuna ofisi?")

Mama, shuka, unaharibu itifaki! Ndugu wananchi, msipotoshwe: ofisi ipo. Ipo kwenye mpango kazi, ipo kwenye mchoro, na ripoti ya kukamilika kwake nimeisaini mwenyewe. Kutoonekana ni changamoto tu. (Nikamjibu toka juu: "Haya, mwanangu, kama ngazi yangu ni ghorofa na ngazi yako ni ofisi, basi panda ukae unisikilize!" Watu walicheka mpaka dereva akajisahau, naye akacheka.)

Nihitimishe. Kodi yetu! Maendeleo yetu! (Mtu akakohoa.) Namshukuru mkandarasi kwa ngazi imara, nawashukuru ninyi kwa uvumilivu, na kwa namna ya pekee namshukuru bibi huyu aliye juu yetu, kwani ghorofa ya rufaa itaanza kujengwa mara tu atakapolipa kodi ya ghorofa yake. Asanteni kwa kunisikiliza. (Akaingia garini. Mimi sikushuka. Nikavuta tofali, nikakaa, nikasema: rufaa ya kwanza ni yangu, nimeshinda. Anayefuata! Muuza mkaa akaanza kupanda, na nyuma yake foleni.)