Udongo Uliosafishwa kwa Kikao

Mtaa wa Kasembe.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Viwango vya Udongo.

Mheshimiwa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Kasuba Ng'andwe, mama Lubuto, wa nyumba iliyo nyuma ya lundo la mabaki ya mgodi wa risasi. Kijana wenu alipima udongo wa uwanja wangu akasema, "Mama, madini ya risasi yamezidi kiwango mara tatu. Mtoto asicheze hapa." Tukasubiri lori la kuuzoa. Badala yake mkakaa kikao hotelini Livingstone, mkapandisha kiwango kinachoruhusiwa hadi mara nne ya kile cha awali. Kijana akarudi anatabasamu: "Hongera, mama. Sasa uwanja wako ni safi."

Nikamuuliza, "Na ule uchafu umekwenda wapi?"

"Haujaenda popote, mama. Kiwango ndicho kilichosogea."

Tunashukuru. Ila wapo wanaokaidi uamuzi wenu, na hao ndio ninaowashtaki:

1. Kuku. Wanne wamekufa tangu kikao. Nadhani hawakupata taarifa.

2. Mwanangu Lubuto, mwenye miaka minne. Zahanati wanasema damu yake bado imejaa risasi. Tumbo linamkata, na maneno aliyokwisha kuyajua yanampotea. Jana aliitazama nshima, ugali wetu wa kila siku, akashindwa kuitaja. Nimemweleza kwamba mahali anapocheza ni safi kisheria.

3. Mama mkwe wangu. Kila asubuhi anamwagia uwanja maji ili vumbi lisiinuke, huku akiwaambia majirani, "Hao wa Livingstone wangekuja kukaa kikao hapa chini, wakala na maboga yetu ya uwanja huu." Huo ni uchochezi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mpandishe na kiwango cha risasi kinachoruhusiwa katika damu. Kikipanda vya kutosha, Lubuto atapona bila dawa. Mkiwa bado mmekaa, pandisheni na cha homa. Na ikibidi, miaka minne ihesabiwe kuwa uzee, ili mtoto akituondokea tuseme aliishi sana.

Nisalimie wajumbe wote, na wapishi wa hoteli.

Wako mtiifu,
Kasuba Ng'andwe

Nyongeza: Naandika haya getini kwenu. Nilileta na gunia la udongo wangu, zawadi kwa bustani ya ofisi. Mlinzi, Bwana Simwinga, amenizuia: "Barua nipe, mama. Gunia hapana. Bosi amesema udongo wa Kasembe usivuke hapa, watoto wake huja kucheza Jumamosi." Basi narudi nalo nyumbani, ambako linaruhusiwa.