Kilo Tisa za Meja

Tangazo lilibandikwa asubuhi kwenye mlango wa bucha, na kabla chai ya kwanza haijapoa, kijiwe kizima cha njia ya Endabash kilikuwa kimeshalisoma, pamoja na wale wasiojua kusoma. Shamba la kahawa lililopakana na msitu wa Ngorongoro linatafuta mlinzi wa kubeba shotigani namba ishirini ya kufukuzia nyati. Mwombaji aje na barua ya balozi wake wa nyumba kumi. Mwisho leo, saa nane mchana.

Balozi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwamiminia chai, Mama Katarina. Alimimina huku akisikiliza. Maharage yake yako ng'ambo tu ya uzio wa shamba hilo. Mlinzi aliyepita alikuwa na mkono mwepesi kwa makufuli. Alifungua stoo, akauza risasi zote, na nyati walipotoka msituni akabaki kuwazomea. Mama Katarina akavuna mabua. Barua ya safari hii, aliapa mbele ya Mungu wake, haiandikwi kwa kuoneana aibu.

"Andika jina langu, Balozi," akasema Josephati, ambaye kijiwe kilimpa cheo cha Meja bila yeye kukanyaga kambi yoyote. "Misimu mitatu nimebeba bunduki ya mzungu. Mitutu miwili, imelala ubavu kwa ubavu."

"Uzito wake?" akauliza Lucas Mnofu, mwenye bucha, kisu mkononi.

"Kilo tisa."

"Tisa! Bunduki hiyo au ndama?"

"Bunduki zote ni kilo tisa, Mnofu. Kama mfuko wa saruji. Nunua Karatu, nunua Arusha, hamsini ni hamsini."

"Mzee baba, unatupiga kamba," akadakia Richard, dereva wa watalii, ambaye wenzake humwita Kreta. "Tangazo linasema shotigani namba ishirini. Hiyo ndogo! Itafika tisa labda uibebe na mzungu mwenyewe juu yake."

Mama Katarina akatua birika.

"Marehemu mume wangu alilinda pale miaka kumi na tisa," akasema. "Bunduki zilikuwa mbili, namba ishirini zote. Msimamizi akaona moja nyepesi, akamtuhumu marehemu kaibadilisha. Zikapandishwa kwenye mizani ya kahawa mbele yetu wachumaji. Moja kilo mbili na nusu, ya pili karibu tatu."

"Namba ile ile, uzito mbalimbali? Kivipi?"

"Mbuzi wako wote wana miguu minne, Mnofu. Uzito sawa?"

Kijiwe kikacheka. Mnofu akajifanya ananoa kisu.

"Namba ni upana wa tundu la mtutu, basi," akaendelea mama. "Moja mitutu yake mirefu, chuma kinene. Nyingine mifupi, imenyolewa ikawa nyembamba. Mti wa kitako nao, mmoja mzito kama jiwe, mwingine umechimbwa ndani. Na lile bumba la chuma penye vifyatulio, fundi mmoja kalichonga dogo la kutosha, mwenzake kachukua la bunduki kubwa akalipachika mitutu midogo."

"Basi mimi nipeni ile nyepesi," akasema Kreta.

"Nyepesi tamu kubeba. Ukiifyatua inakutwanga bega wiki nzima. Marehemu alikuwa anaomba ile nzito." Akamgeukia Josephati. "Haya, baba. Ya mzungu wako ilikuwa na kitako cha namna gani?"

Meja akakoroga chai isiyo na sukari.

"Sikukiona."

"Mitutu?"

"Niliihisi kwa nje tu. Ilikuwa ndani ya mfuko mweusi, mrefu, wa zipu. Tunapandisha Nainokanoka mpaka ukingoni mwa kreta, namkabidhi, narudi kwenye gari."

Kreta akatema chai mpaka kwenye viatu vya Mnofu.

"Nainokanoka! Nani anawinda ndani ya hifadhi, Meja? Ule ni mfuko wa stendi ya kamera! Misimu mitatu umebeba miguu mitatu ya kamera!"

"Nyati akitokea shambani," akasema Mnofu, machozi yakimtoka, "Meja atamwambia atabasamu!"

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Meja hakucheka. Alitazama soli ya kiatu chake kama mtu anayesoma notisi.

"Alisema usiufungue," akasema. "Sikuufungua."

"Misimu mitatu?" akauliza Mama Katarina. "Hata kuchungulia?"

"Kwani ulikuwa wangu?"

Mama Katarina akafuta mikono kwenye kitenge. Akachana karatasi ya daftari, akaandika taratibu, herufi kubwa kubwa za darasa la saba: *Josephati hajui bunduki, mtamfundisha. Kufungua kisicho chake pia hajui. Hilo msimfundishe.* Akaikunja mara nne, akampa.

Meja akaitia mfukoni, akasimama.

"Wewe!" Kreta akaita. "Si uifungue tuone kakuandika nini?"

"Ya shamba hii," akajibu Meja, na miguu ikiwa tayari barabarani. "Kawaulize wao."