Gari la Umeme Lilivyonifungia na Baba Mkwe

Leo nimedhalilika. Siyo kidogo. Nimedhalilika mbele ya watu kama sitini, mlinzi mmoja na baba mkwe wangu, nikiwa nimevaa sketi ya kubana.

Nawaandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, parachichi bado liko sikioni. Nimejifuta mara tatu. Lipo tu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati mtaniona chizi.

Gari langu mnalijua. Lile la umeme, mtumba kutoka China, ambalo nimewapigia kelele humu mwaka mzima kwamba foleni ya mafuta mimi basi. Kuna mambo machache sikuwaambia. Boneti halijakaa sawa, upande wa kushoto kidole kinapita. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye buti. Kioo cha pembeni kinajikunja chenyewe kikijisikia. Mwezi uliopita kishikio cha ndani cha mlango wangu kilinibaki mkononi, nikakiweka kwenye droo nyumbani nikisema nitaenda kwa fundi. Vya nje ndiyo vile vinavyojificha ndani ya bodi mpaka umeme uvitoe. Na mara mojamoja gari linafunga breki lenyewe, barabara nyeupe, hakuna hata kuku. (Mume wangu aliniambia niyaandike haya yote kwenye kundi letu la wenye magari ya umeme. Mimi nikaandika "gari zuri sana, namshukuru Mungu." Sifa hizi, jamani.)

Sasa baba mkwe. Mimi ni Mhehe wa Idodi, nimeolewa na Mnyakyusa. Kwetu heshima ya mkwe ipo, lakini kwa mzee wa Kinyakyusa kama huyu ni habari nyingine. Mkamwana na baba mkwe hawaangaliani. Hawapeani mkono. Hawasemeshani moja kwa moja, neno linapitia kwa mtu wa tatu. Akiingia mlango huu, mimi natokea ule. Miaka sita ya ndoa, namjua kwa viatu na kikohozi.

Na baba haoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho wamekuja Mbeya wiki hii, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupasua. Majina yanasomwa saa nne kamili. Ukiitwa haupo, anaingia mwingine, wewe unasubiri mpaka warudi, na hakuna anayejua watarudi lini. Mara iliyopita alikosa. Sasa hivi huko Tukuyu hata kwenye migomba yake mwenyewe anaongozwa kwa kushikwa mkono. Nilijiapiza kwamba safari hii hakosi.

Mpango ulikuwa mzuri. Mume wangu yuko Iringa kikazi, kwa hiyo mimi naendesha. Wifi yangu Tumpe, ambaye baba amefikia kwake hapahapa Mbeya, mtaa wa Iyunga, anakaa naye kiti cha nyuma, maneno yanapitia kwake. Asubuhi nafika, Tumpe anatoka na shavu kama andazi. Jino! Hata mdomo haufunguki. Akamwingiza baba nyuma, akapakia gunia la parachichi kwenye buti (zawadi ya daktari), akanipungia mkono, akarudi ndani kulala.

Nikabaki mimi na baba mkwe. Wawili tu.

Nikajitanda kanga. Nikageuza kioo cha kati kikaangalia dari, nisije nikamwona mzee kwa bahati mbaya. (Ndiyo, nimeendesha bila kioo cha kati. Askari wa barabarani mliomo humu, nawaheshimu sana.) Tukaondoka kimyakimya, kama hili gari linavyoondoka siku zote. Tukafika barabara kuu. Nikasikia kikohozi. Kisha sauti.

"Wewe gari! Muulize huyo aliyeshika usukani, mbona hatuondoki?"

Nikashtuka. Anaongea na gari! Mzee amekosa mtu wa tatu, ameamua gari ndiyo liwe mtu wa tatu. Nikaona hii njia inafaa.

"Gari," nikasema, macho mbele, "mwambie baba tumeshaondoka. Tuko lami."

"Kyala wangu, Mungu wangu! Bila kunguruma?"

Nilichosahau ni kwamba hili gari ukilisemesha linajibu. Kwa Kichina. Kuna mwanamke humo ndani ana sauti tamu, hakuna ajuaye anasema nini. Akamwaga maneno kama kumi hivi, akanyamaza.

Baba akajiweka sawa kitini. Akatafakari. "Gari, mwambie huyo dada ndaga fijo, asante sana, na mimi sijambo."

Tukaenda hivyohivyo. Baba anaongea na gari, mimi naongea na gari, Mchina anachangia.

"Gari, muulize mama Atu, huko kwao Iringa mvua zimeshika?" (Mama Atu ndiye mimi.)

"Gari, mwambie baba zimeshika vizuri."

"Muulize, mjukuu wangu bado anakataa maharage?"

"Mwambie bado, baba. Anayaficha chini ya sahani."

Akacheka! Sijawahi kumsikia akicheka karibu hivyo. Niseme ukweli, nilifurahi mpaka nikapunguza mwendo ili tusifike mapema.

Hapo ndipo gari likafunga breki. Lenyewe. Barabara nyeupe kabisa. Gunia likapiga kishindo huko nyuma, na kofia ya baba ikaruka ikatua mapajani kwangu.

"Gari," baba akauliza kwa upole, "umeona nini?"

Nikamrudishia mzee kofia yake kwa kunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. (Nadhani niliipeleka puani. Alipiga chafya.)

Saa tatu na nusu tuko hospitali. Tumewahi! Nikawa narudi nyuma niegeshe. Kamera ya nyuma imeingia maji, inaonyesha ukungu mtupu. Kioo cha kati, kama mnavyojua, kiko darini. Nikagonga ukingo wa bustani. Kup! Kidogo tu.

Kila kitu kikazimika. Yule Mchina alikatika katikati ya neno.

Nikatafuta kishikio changu. Kiko kwenye droo. Milango mingine inafunguka kwa kitufe, na kitufe kinataka umeme. Vioo navyo umeme. Mlinzi akaja, akaanza kupapasa bodi kama anamkanda mgonjwa.

"Dada! Mlango wa hii gari uko wapi?"

"Vishikio vimejificha!"

"Sasa vimemwogopa nani?"

Watu wakaanza kusogea. Mlinzi akaokota jiwe. Nikampungia mikono yote miwili asithubutu, mzee amekaa jirani na kioo! Nikampigia Solo, fundi wangu wa Iyunga.

"Ni betri ndogo hiyo," Solo akasema, wala hakushangaa. "Iko ndani ya buti. Nilikwambia ule waya nimeufunga na mpira tu, uje niweke wa kudumu. Ulikuja?"

"Sikuja."

"Haya. Laza nusu ya kiti cha nyuma, penya mpaka kwenye buti, kuna kamba ya dharura. Vuta."

Kupenya. Pembeni ya baba mkwe. Nikatazama saa, imebaki robo saa majina yasomwe.

Nikapita katikati ya viti kinyumenyume, kanga imefunika uso wote. Baba aliposikia nakuja akavuta koti akajifunika kichwa. Watu wazima wawili, mmoja ndani ya koti, mwingine ndani ya kanga, tumefungiwa kwenye gari, umati unatutazama. Mama mmoja nje akaanzisha sala.

Nikalaza upande wa pili wa kiti, nikaingiza kichwa kwenye buti. Maji ya mvua. Na lile gunia lilipasuka kwenye breki. Parachichi zilizoiva, jamani, zile zenyewe za Tukuyu! Nikawa naogelea. Kamba nikaiona, imebaki kama kiganja kimoja niifikie. Nikajinyoosha. Sketi ikanasa kwenye chuma cha kiti.

Siendi, sirudi. Kichwa kiko kwenye parachichi, na upande wangu wa pili, ambao naomba nisiutaje, umeelekea kwa baba mkwe.

Nje nikasikia nesi ameshika kipaza sauti. Majina yameanza kusomwa. La kwanza. La pili. Nikaanza kulia humohumo. Siyo kwa aibu. Nililia kwa sababu mzee wa watu anakosa macho yake kwa ajili ya mpira wa kufungia waya.

"Gari," baba akasema ndani ya koti.

Akagonga kiti mara mbili.

"Gari, mwambie mama Atu..." Akangoja. "Hii gari imekufa?"

Hapakuwa na wa kumjibu isipokuwa mimi. Nikatema parachichi.

"Imekufa, baba."

Jina la tatu. La nne. Kisha nikasikia koti linavuliwa.

"Mama Atu. Kanyaga mikono yangu. Nakusukuma."

Nikakanyaga. Akasukuma. Mzee huyu amebeba mikungu ya ndizi maisha yake yote, na nguvu zote bado anazo! Sketi ikachanika praaa, nikateleza, nikaidaka kamba, nikavuta. Buti likafunguka. Nikatoka kichwa kwanza, pamoja na maji, pamoja na gunia, mpaka chini kwenye kokoto.

(Mungu ana huruma, nusu ya watu wale walikuja kutibiwa macho. Ila kila mmoja alikuja na wa kumsindikiza, na kila msindikizaji ana simu.)

Na hapohapo jina la baba likasomwa.

"Yupooo!" nikapiga kelele nikiwa nimekaa chini.

"Yuko wapi?" nesi akauliza.

Kwenye buti kikatokea kiatu kimoja. Kikafuata cha pili. Ikaja kofia, kisha baba mkwe wangu mzima, amejipaka kijani mpaka kwenye tai. Mlinzi akampokea kama mgeni rasmi. Yule mama wa sala akanifunga kitenge kiunoni, akaninong'oneza, "Pole mwanangu. Ila umemfikisha."

Wakati baba yuko ndani nimefungua kundi la wenye magari ya umeme nikaandika yote. Kishikio, buti, kamera, breki, waya. Nimefuta na ile sifa yangu ya mwanzo. Nilidhani nitachekwa. Watu watatu wamejibu kwamba milango yao nayo inagoma, walikuwa wanaona haya kusema. Jumamosi tunayapeleka yote kwa Solo, na kila mtu atafundishwa kamba yake iko wapi. Gari lenyewe bado nalipenda. Likitengenezwa vizuri, mtalipenda na ninyi.

Baba ametoka saa saba, jicho moja limefungwa bandeji. Daktari anasema limekwenda vizuri, linafunguliwa kesho asubuhi, na la pili wamemwandikia watakaporudi. Amekuja akapapasa benchi, akakaa mwisho kabisa, mimi mwisho huku.

"Mama Atu."

"Abee, baba."

"Kesho wakinifungua jicho, uwepo. Miaka sita unanipikia, sura yako siijui. Nataka nikuone wewe kwanza."

Nimelia, jamani. Hadi nesi amekuja kuuliza nani kafariki.

Sasa naombeni ushauri wa haraka, na atakayecheka namtoa humu. Mtu anayekwenda kuonwa na baba mkwe wake kwa mara ya kwanza anasuka nywele au anafunga kilemba?