Ng'ombe Aliyelala kwa Ma Koku

Jumatatu, 3 Juni 2024

Modesta, kutoka Buhongwa mpaka hapa Kisesa si kwenda Ulaya. Tangu Pasaka hujakanyaga! Mjukuu gani wewe? Mahindi yamevunwa hujayaona, jino langu limeng'oka hujaja kulizika. Basi naandika. Shule sikusoma, herufi niliziokota nikifuta ubao wa katekista, kwa hiyo ukiona zimeinama, inama nazo. Daftari litakaa kwenye debe la unga mpaka uje.

Habari ya leo. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Josephat, kapita kila mlango. Kasema Jumatano anakuja msichana wa chuo kikuu kufanya utafiti: ile ruzuku ya kaya maskini imewabadilisha nini watu? Watahojiwa wanaoipata na wasioipata.

Moyo ukaruka. Mimi siipati. Kila orodha ikitengenezwa wanamwona ng'ombe wangu, wananiruka. Bati linavuja, magoti yamekwisha, lakini bibi ana ng'ombe! Jirani yangu Ma Koku, yule Mhaya mjane, yeye yumo. Na ni haki. Ruzuku ile ndiyo dawa yake ya presha. Akiikosa dawa anaanguka. Mwaka jana nilimwokota mwenyewe jikoni, macho yamegeuka.

Nimewaza. Nimepata. Ng'ombe asionekane.

Jumanne, 4 Juni

Nimempeleka ng'ombe kwa Ma Koku. Kisukuma kabisa: unamkabidhi mwenzio amtunze, maziwa yake, ng'ombe wako. Ila nimeongeza la kwangu. Nimemwapisha asinitaje kwa mgeni yeyote. Ma Koku kauliza mara mbili kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia anyamaze, akamue. Akaapa. Huyu mama akiapa, ameapa. Wengine wote nimewaambia nimemuuza.

Redio nimeizika kwenye pumba. Godoro nimelisimamisha nyuma ya choo. Khanga nimechagua ile ambayo mbuzi aliitafuna akaitema.

Jumatano, 5 Juni

Msichana kaja na Josephat. Anaitwa Winnie. Mwembamba kama fito! Kanipa shikamoo kapiga magoti, nikalainika. Kaanza kwa kusema majibu yangu ni siri, na kwamba yeye hamwingizi mtu kwenye orodha wala hamtoi. Anataka tu kujua sera ya serikali imefanya nini kwenye maisha ya watu. Nikamkonyeza. Nani atatoka chuo kikuu aje kunihesabia masufuria bure?

Kauliza kama wiki hii kuna siku nimelala njaa. Nilikuwa nimejiandaa kusema siku nne. Lakini kuulizwa hivyo, na mtoto, nyumbani kwangu! Nikamuuliza kama ananiona mvivu. Nikasema hapa panaliwa mara tatu, na yeye mwenyewe hatoki bila kula, kwa mifupa ile. Nikachinja jogoo. Wa mwisho! Alikula vizuri. Akanawa, akaandika.

Hapo ng'ombe akasikia sauti yangu. Akalia ng'ambo ya ua, kwa uchungu, kama yatima. Nikasema ni wa jirani. Josephat akageuza shingo.

Wakaenda kwa Ma Koku. Nikachungulia. Mama yule, na presha yake, kavaa gomesi, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, aliyovaa kwenye harusi ya mwanawe. Kamwekea mgeni kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kamletea maziwa ya ng'ombe wangu kwenye kikombe chenye maua. Kwao mgeni haonyeshwi shida. Akaulizwa ng'ombe ni wa nani. Kamwongezea mgeni maziwa, kisha akasema: "Si unamwona yuko kwangu?"

Nikapiga kigelegele cha moyoni. Mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Mkutano wa kitongoji, kupitia orodha ya ruzuku. Winnie hakuwepo, na hakusema neno la mtu. Aliyesema ni Josephat. Kasimama akatangaza kwamba Jumatano kaona kwa macho yake ng'ombe kwa Kokushubira, yaani Ma Koku wetu, na maziwa kwenye kikombe cha kizungu. Umaskini umemtoka mama huyu, apishe wengine. Watu wakapiga makofi! Mwenye pingamizi aseme, orodha inafungwa Jumanne.

Ma Koku hakufungua mdomo. Hakunitazama hata. Angenitazama ningesema.

Hapana, naongopa. Nisingesema. Nilikuwa nawaza kwamba nafasi yake imebaki wazi, labda nitapewa mimi. Ndiyo, Modesta. Nilikaa pale kwenye majani, karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, nikawaza hivyo. Nimeandika ili kesho nisikane.

Jumapili, 9 Juni

Ma Koku hakuja kanisani. Nimemkuta anakata kidonge katikati kwa wembe. Nusu leo, nusu kesho, kasema, kama mtu anayekata kitunguu. Vimebaki sita. Miguu imemvimba.

Nikamwambia anitaje, nimemfungulia kiapo. Kakataa. Kasema wakimsikia sasa watadhani anasingizia ili arudishwe, na yeye hajawahi kuombea chakula kwa jina la mtu. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye mdomo. Nikamwita kichwa kigumu, nikamwita Mhaya wa maringo. Kasema sawa. Nikalia pale pale kwenye kigoda chake. Halafu nikamfulia mashuka, maana mikono ilitaka kazi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mkutanoni na ng'ombe.

Nikapita naye katikati ya watu mpaka mbele. Nikasema huyu ni wangu, kazaliwa kwangu, nilimficha kwa Ma Koku ili msomi anione maskini. Josephat kasema yawezekana namtetea tu shoga yangu. Mayu wee! Nikaiachia kamba, nikatembea mpaka kisimani. Ng'ombe akanifuata. Nikarudi. Akarudi. Nikakaa chini. Akanilamba kichwa, kilemba kikaanguka, mvi zote nje. Kitongoji kizima kikacheka mpaka watoto wachanga wakaamka.

Josephat akauliza kama sioni aibu kumdanganya mtoto wa watu aliyetoka mbali kutafuta ukweli. Nikasema aibu ninayo, lakini ukweli nilimpa: nilimwambia ninakula mara tatu. Akacheka bila kutaka. Jina la Ma Koku limerudi. Mimi kanitangazia kwamba hata nikiombewa na askofu, kwenye orodha ile siingii.

Ma Koku kaja jioni kwa fimbo, pole pole. Kakaa. Nikamwomba radhi, huku maneno nayakosea. Kasema: "Sabina, siku nyingine ukinipa siri, nipe isiyo na pembe." Tukacheka. Kisha kameza kidonge kizima, na mimi nikageuka kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetulia, nimefikiri, nimeona kosa lilikuwa wapi. Kwa Ma Koku ni karibu mno! Ng'ombe anasikia sauti yangu.

Josephat kasema Winnie anarudi mwezi wa tisa, kaya zilezile, kuona kilichobadilika. Na kuna orodha nyingine inakuja, ya wazee, anayeiandika si Josephat. Safari hii sichinji kitu. Nitajibu nimekaa, mdomo nimeufunga kwa kitambaa, niseme ni jino.

Daftari silirudishi kwenye debe, nalituma kwako leo na konda wa daladala. Wewe pale Buhongwa una ua wenye ukuta, na majani yanaota bure. Kwa hiyo ukija, usije Jumapili, watu wote wako njiani. Njoo siku ya kazi, alfajiri, umevaa viatu vya matope. Ma Koku usimwambie. Na ulete kamba ndefu.